Kanga Juu ya Yasmini

Kwako Nuru, mwanangu unayejifanya umelala,

Nimekaa kwenye ngazi, pale penye kidato kinacholia ukikikanyaga. Chini sebuleni wageni wamejaa. Viatu vyao vimeenea ukumbini mpaka mlango wa mbele haufunguki vizuri, na kila anayeingia kutoka kwenye manyunyu anasema, "Jamani, baridi ya leo!" kana kwamba jana tulikuwa tunaota jua. Wamekuja kuwaaga wewe na mama yako, mnaohamia kwa baba yako. Mama yako anawapokea, Bibi yako, yaani mama yangu, anapakua pilau. Wewe umejifungia chumbani, umegeukia ukuta. Na mimi, kama kawaida yangu watu wakizidi wawili, nimekimbilia ngazi.

Kesho baada ya alfajiri teksi itakuja, na mpaka sasa hujasema na Bibi. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Masanduku mama yako ameshayafunga, dawa ameshakueleza, na kupiga mswaki unajua. Sitagusa hayo.

Shangazi Mwanahawa, yule wa mtaa wa Balsall Heath, anasikika mpaka huku juu.

"Mtoto ni kama kuku, bwana," anasema. "Mhamishe banda, siku za mwanzo atazubaazubaa, halafu anataga huko huko. Huyu atasahau Stechford hii yenu kabla hajashuka kwenye ndege!"

Watu wamecheka. Mama yako naye amecheka, kicheko kile cha kumpa mgeni heshima yake. Mimi sikucheka. Nakataa, Nuru, na naandika ili ijulikane kwamba nilikataa.

Kwanza tumalize hili la mimi ni nani kwako. Mwaka juzi mama yako alikuwa zamu kule nyumba ya wazee, nikaja mimi kwenye kikao cha wazazi shuleni kwenu, nikiwa bado na sare ya shule yangu. Mwalimu wako akatazama tai yangu, akauliza, "Na wewe ni nani yake?" Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba mimi ni aunti tu. Ukanigeukia kama niliyekuibia. Ukamwambia, "Si aunti. Ni mama yangu mdogo. Nina mama wawili, mmoja yuko kazini, mwingine huyu." Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa jua lenye macho na pua. Nami nikatazama zulia.

Hilo neno "tu" sijalisahau. Ulikuwa sahihi wewe, sisi wawili tulikosea, mimi na mwalimu. Kwetu mdogo wa mama ni mama. Hakuna anayeomba kibali. Nilikuwa na miaka saba ulipozaliwa, na mama yako aliporudi kazini usiku, ulilala ubavuni kwangu ukinipiga mateke ya mbavu. Ukihesabu umri utaona haiwezekani. Usihesabu.

Sasa chungu chako cha maua.

Najua hutaki kukisikia. Lakini nilikuwepo tangu siku ya kwanza, wakati wa vuli ya huku, miti ya barabarani ikipukutika, uliporudi kutoka shule umekikumbatia na udongo umekujaa kifuani. Mlipanda vitunguu vya maua darasani, vile vinavyotoa dafodili, yale maua ya njano ya huku. Mwalimu aliwaambia mkaviweke nje mahali pa baridi na giza, kisha mvisahau mpaka mwezi wa pili. Ukaweka chungu nyuma ya banda la baiskeli. Na wewe ukiambiwa kitu na mwalimu! Hukukichungulia hata mara moja. Mvua ikanyesha, mwaka mpya ukapita, ukawa unaniambia kitandani kwa Kiingereza chako cha haraka: "Mamdogo, yatachanua kabla hatujaondoka. Nitaona la kwanza halafu nitakubali kwenda." Hayo yalikuwa masharti yako. Hakuna mtu mzima aliyeyasikia isipokuwa mimi, na mimi si mtu mzima.

Juma hili ulikwenda nyuma ya banda, chungu hakipo. Ukatafuta bustani nzima. Ukakikuta chumbani kwa Bibi, kando ya hita, nyuma ya pazia, majani marefu kama nywele zisizosukwa, rangi ya njano ya ugonjwa, yamelala upande. Hakuna ua. Hakuna hata dalili ya ua. Bibi alikuwa amekaa kitandani na kikombe chake cha kumwagilia, anatabasamu, anangoja umshukuru.

Wewe ambaye kila tukikusemesha Kiswahili unajibu kwa Kiingereza, mpaka wageni wanauliza kama una ulimi, siku hiyo ulikipata Kiswahili chote. Ulimtazama usoni ukasema: "Umeyaua. Sikutaki tena."

Mama yako akakuamuru uombe radhi, ukakataa. Aliporudia ukakataa tena. Aliniomba nikulazimishe, nami sikukulazimisha, na sasa nakwambia kwa nini. Si kwa sababu ulikuwa na haki ya kusema vile. Nilitaka kwanza ujue kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu na sijawahi kumhadithia mtu.

Tulipofika nyumba hii nilikuwa na miaka sita. Tumetoka Tanga, ambako mwezi wa pili jua linachoma mpaka mbuzi anatafuta kivuli cha mbuzi mwenziwe. Bibi alikuwa na yasmini mlangoni kwake kule, na kila jioni alichuma akatunga vikuba, maua na rehani zikifungwa pamoja, kimoja cha kwake, kimoja cha mama yako, na kidogo cha kwangu cha kubandika kwenye gauni. Hapa alizunguka na Babu masoko yote akiuliza yasmini kwa vidole na pua. Hatimaye akapata mche dukani Balsall Heath. Akaupanda kule bustanini, karibu na kamba ya nguo. Kiangazi kile ulichanua. Si sana, lakini ulichanua. Bibi alitutungia vikuba tukavaa tukiwa tumekaa sebuleni mbele ya televisheni, hatuna mahali pa kwenda navyo, tukinukia kama watu wa harusini.

Kisha ikaja ile baridi ambayo hatukuijua. Kwetu baridi ni kujifunika shuka. Bibi alitoka jioni, akautazama mche wake, akavua kanga mabegani akaufunika, akaifunga chini vizuri kama anavyomfunika mtoto mwenye homa. Akasema, "Sasa lala." Niliona hayo kutoka dirishani, nikaamini kabisa kwamba yatosha.

Asubuhi ile kanga ilikuwa imeganda. Bibi aliifungua fundo, ikabaki imesimama yenyewe kama bati, ina umbo la mche. Chini yake yasmini ilikuwa nyeusi, kila jani.

Hakulia. Alichukua kisu cha jikoni akaukata mche mpaka chini. Akaingiza kanga ndani, akaikausha kwenye hita, akaivaa. Halafu akasema, si kwangu, alisema na dirisha: "Nchi hii haitanigandishia kitu changu tena."

Na haikumgandishia, Nuru. Tangu siku hiyo kila chenye uhai kiliingizwa ndani. Nyanya za kwenye ndoo ziliingia ndani. Paka wa jirani aliingizwa ndani, akaja kudaiwa na mwenyewe. Mimi niliingizwa ndani zaidi ya wote. Nilikwenda shule na sweta tatu, siwezi kushusha mikono, watoto wakiniita mto wa kitanda. Wenzangu walipocheza na theluji nilikuwa dirishani na kitabu. Nilisoma vitabu vingi sana. Na kwa kuwa macho ya Bibi si mazuri, nilimwandikia barua zake zote za Tanga, anasema nami naandika, ndiyo maana nakuandikia hivi vizuri kitu ambacho sikuweza kukwambia kwa mdomo.

Kwa hiyo majani yale marefu yasiyo na ua nayafahamu. Sisemi kwamba nimeharibika. Nasema nayafahamu.

Nami nilikutumia vibaya kidogo kwa huo woga wangu wa watu. Dukani nilikutuma wewe uulize bei. Kwenye basi nilikutuma wewe umwulize dereva kama linafika mjini. Ulikuwa na miaka mitano tu, unasimama mbele ya mzee mwenye kofia unamwuliza maswali yangu, nami nimejificha nyuma yako kama wewe ndiye mkubwa. Uliniambia siku moja, "Mamdogo, ukiwa peke yako si utapotea?" Nilicheka. Kesho sitakuwa na wa kumtuma.

Leo mchana, nilipotoka shule, sikuingia nyumbani. Nilikwenda mlango wa pili kwa Bi Maureen, nikabonyeza kengele. Nilibonyeza mara moja nikaanza kuondoka, akafungua.

"Ala!" akasema. "Miaka yote hii naona koti lako likipita. Leo limekuja na uso."

Nilikuwa nimekibeba chungu chako. Sikujua nianzie wapi, nikamnyooshea tu. Akavaa miwani, akayapapasa majani, akauliza yaliwekwa wapi. Nikamwambia kando ya hita. Akapiga mluzi.

"Aliyefanya hivi ana roho nzuri," akasema. "Maua haya bila baridi hayajui kama ni wakati wake. Hayachanui. Lakini hayajafa, bab." Bab ndivyo wazee wa hapa wanavyomwita kila mtu wanayempenda na hata wasiyemjua. "Yatie ardhini leo leo. Usikate majani, yaache yanywe mpaka yakauke yenyewe. Mwakani huenda. Kama si mwakani, mwaka unaofuata."

Nilimwuliza kama huenda maana yake ndiyo. Akasema huenda maana yake huenda.

Ukutani kwake unapanda ule mmea wa maua ya njano yanayochanua katikati ya baridi kwenye vijiti vitupu. Bibi amekwisha kuambiwa kwamba nayo ni yasmini. Aliisogelea, akanusa, akasema, "Yasmini bila harufu ni harusi bila bibi harusi," akaondoka, na mpaka leo akipita pale huangalia upande wa pili. Chini ya ukuta kuna yale maua meupe madogo yanayoinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa. Leo yalikuwa na matone ya mvua. Yametoboa udongo ambao mwezi uliopita Babu alishindwa kuuchimba kwa koleo. Sijui kama ni ushujaa. Mwalimu wangu mmoja anapenda kusema baridi hujenga mtu, naye anasema hayo amesimama karibu na hita. Mimi sitakwambia hivyo. Yasmini ya Bibi haikujengwa na kitu, iliuawa.

Lakini sikiliza hili. Jikoni kwa Bi Maureen, dirishani, kuna chungu kidogo chenye maua ya zambarau, majani yake yana manyoya laini kama sikio la sungura. Nililiuliza jina ili kuonyesha adabu. Akasema hilo si la huku, linatoka milimani Afrika, amelitunza miaka na miaka, na akilisahau nje usiku mmoja tu, basi. Akageuza chungu kunionyesha kibandiko. Pameandikwa Usambara.

Nilikisoma kibandiko mara mbili pale jikoni kwa mzungu wa watu. Nikasema, "Huko ndiko anakokwenda mwanangu kesho. Lushoto. Iko Usambara."

"Mwanao?" Akanitazama sare, akanitazama tai.

"Ndiyo," nikasema. "Mwanangu."

Sikuongeza neno, na zulia sikulitazama. Naye hakutabasamu lile tabasamu la mwalimu wako. Akasema tu, "Basi amwangalie huyu akiwa kwao, aniambie hukua kwenye nini. Mimi namlea gizani miaka yote sijui anapenda nini."

Kwa hiyo una kazi. Watu wanakwambia unakwenda kwenye joto, unakwenda kwenu, utachanua. Baba yako ameniambia kwenye simu, kabla kadi haijaisha, kwamba mwezi wa saba Lushoto kuna ukungu wa kuficha nyumba, watu wanavaa masweta na kuota moto. Lakini maji hayagandi bombani, na maua hayangoji zamu, yapo tu, mwaka mzima, kama watu sebuleni kwetu leo. Dafodili huko huwezi kuzipanda, nimemwuliza. Baridi yake haitoshi. Najua ulikuwa umeficha vitunguu viwili kwenye soksi ndani ya sanduku. Nimevitoa. Nimevirudisha kwa wenzake. Nikasirikie mimi kwa hilo, si mtu mwingine.

Usikubali mtu akuambie kwenu ni kumoja. Wakikuuliza wewe ni wa wapi, sema Stechford na Lushoto, na Tanga ya Bibi, na wakicheka waache wacheke mpaka wachoke. Tafuta lile ua la zambarau kwenye mawe yenye kivuli. Liangalie linakaa kwenye nini. Niandikie kwa Kiswahili, hata kibovu, nitamsomea Bi Maureen kwa Kiingereza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlangoni kwake.

Niliporudi kutoka kwa Bi Maureen nilichukua koleo. Bibi akatoka jikoni akaniona natoka na chungu.

"We Saada! Unayapeleka wapi?"

"Nje, Mama."

"Nje kwenye barafu? Una wazimu? Hukushiba yaliyotokea?"

Nikamwambia aliyoniambia Bi Maureen, yote, hata lile la roho nzuri. Alifuta mikono kwenye aproni. Nilidhani ataninyang'anya chungu. Akaingia ndani, nikasikia kabati, akarudi amevaa koti la Babu na ile kanga mkononi. Ni ile ile, Nuru. Imepauka, upindo wake umeshonwa tena, lakini ni ile.

Tulichimba kule mbele, getini, si bustani ya nyuma. Hapo nilipataka mimi. Upepo wote wa barabara unapita hapo, na kila anayekwenda stesheni atayaona. Bibi alipiga magoti kwenye majani yenye maji, akashikilia yale majani marefu ili yasivunjike nilipokuwa nafukia. Tulipomaliza alianza kuikunjua kanga.

"Mama, usifunike," nikasema.

"Kidogo tu. Usiku huu tu."

"Mama."

Akaiacha. Aliishika kifuani kwa mikono miwili, akayatazama maua yako yasiyo na maua yakipigwa na manyunyu, na alikuwa anatetemeka kuliko yenyewe. Sijawahi kumwona Bibi akifanya kitu kigumu kama kile cha kutokufanya kitu.

Wakati huo ndipo Shangazi Mwanahawa aliposhuka kwenye gari na sinia lake la maandazi. "Khe! Mnapanda vitunguu maji na jioni hii? Na mwenye kula anaondoka?"

Mimi nilikuwa nafikiria jibu. Bibi hakufikiria. "Ni ya mjukuu wangu," akasema, bado amepiga magoti. "Na hapa ni kwake. Pita ndani, viatu vivue."

Umesikia? Huyo ndiye uliyemwambia humtaki.

Sikulazimishi kuomba radhi. Alikosea, na alikuharibia kitu ulichokuwa umekingoja kwa uaminifu kuliko watu wazima wote wa nyumba hii wanavyongoja chochote. Hasira yako ni yako, nenda nayo Lushoto ukitaka. Mimi pia ninayo yangu, kwa ndege, kwa hali ya hewa, kwa wanaosema utasahau. Mwezi wa pili mwakani nitasimama getini kila asubuhi kabla ya shule, na yakichanua nitakwaruza kadi nzima ya simu kukuambia. Yasipochanua nitasimama mwaka unaofuata. Bi Maureen alisema huenda, na mimi naichukua huenda hiyo kama ilivyo.

Ila jambo moja. Nimepita jikoni sasa hivi kuchukua kalamu nyingine, nikamkuta Bibi ameacha wageni, anapiga pasi ile kanga. Sikumwuliza. Kesho asubuhi, mlangoni, kabla ya teksi, atakufunika nayo. Ataifunga vizuri mbele kama unayetoka homa, juu ya koti, juu ya sweta, utaonekana kama mto wa kitanda. Dereva atakucheka. Usiivue. Kaa nayo mpaka gari likunje kona ya stesheni. Kwenye ndege kukiwa na joto, ivue, ni yako.

Na akiifunga, Nuru, uso wake utakuwa karibu kabisa na wako. Mwaka huu mzima Bibi amepata kwako sentensi moja tu ya Kiswahili, na ndiyo aliyobaki nayo mpaka sasa. Usimwachie hiyo peke yake. Tafuta nyingine. Hata fupi.

Napitisha barua hii chini ya mlango wako. Najua huna usingizi, naona taa.

Mama yako,
Saada